Chupa Yenye Jina Langu

Koboko, Uganda
Shaaban, 1975

Kwa Kaka Mbwana,

Salamu nakupa, kwa kuwa salamu ni haki ya kila Mwislamu, hata aliyekukosea. Natumai hujambo, na wifi hajambo, na pumu ya Shangazi Bi. Time imempa nafasi ya kulala. Ukiniuliza mimi, nipo. Napika, nafua, naswali nimesimama. Mkono wa kushoto bado haupiti bega, na ikifika alasiri huvimba kama uliopikwa. Lakini hukuniuliza.

Barua yako nimeisoma. Najua hukuniandikia mimi. Juu ya bahasha uliandika jina la mume wangu, na ndani yake mimi nikawa "huyo dada yangu". Ramadhani alinipa mwenyewe. Aliitoa kwenye mfuko wa sare yake ya jeshi, akaiweka mkekani, akasema, "Soma. Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu." Nikaisoma. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafika pale ulipomtaja mama, na kicheko kikaniisha.

Umemwambia mume wangu kwamba nimemwaibisha kwa kwenda Kampala bila ruhusa yake. Kwamba nimegombana na wanaume hospitalini kama mwanamke asiye na kwao. Kwamba anirudishe Mombasa nikae kimya, kabla habari za titi langu hazijamharibia mdogo wetu Rukia posa yake. Sasa nisikilize na mimi, maana umehukumu kesi ambayo upande mmoja hukuuita. Barua hii inakuja kwa mkono wa dereva anayepeleka kahawa bandarini, kwa sababu za posta hufunguliwa njiani. Hospitali siitaji jina. Dereva akikamatwa nayo, sitaki ateseke kwa ulimi wangu.

Kivimbe nilikigusa nikioga, siku chache baada ya Idi. Kilikuwa kama punje ya kunde, kigumu, hakiumi. Sikungoja. Wiki ileile nilikuwa hospitalini, nimekaa mbele ya bwana mmoja mrefu, msafi, koti limepigwa pasi. Yeye ni daktari msaidizi. Daktari hasa wa pale alikuwa Mhindi, akaondoka walipoondoshwa wenzake, na wodi nzima ikabaki mikononi mwa huyu.

Alinibonyeza kwa kidole kimoja, uso kaugeuzia dirishani. "Hii iko maziwa," akasema. "Maziwa nalala ndani."

Nikamwambia mtoto wangu wa mwisho ana miaka saba.

"Basi iko jipu."

Akanidunga sindano siku kumi na nne. Punje ya kunde ikawa yai la kuku. Niliporudi kumwonyesha, hakunitazama mimi, alimtazama Ramadhani, aliyekuwa amenisindikiza na sare yake. "Afande," akamwambia, "mama hii iko na mawazo mingi. Mupeleke nyumbani, mupumzishe." Na Ramadhani, ambaye unamjua tangu alipokuwa karani wa bandari, mtu wa kuuliza kila kitu mara mbili, akasema "Asante, daktari," akanishika mkono tukatoka. Huko nje nikamuuliza kwa nini hakuuliza kitu. Akasema siku hizi kuuliza si tabia nzuri. Huenda ni kweli kwao jeshini. Lakini titi halikuwa la jeshi.

Nikarudi peke yangu. Nilikaa katika mlango wa yule bwana siku tatu mfululizo, kila mgonjwa aingiaye ananiruka miguu, mpaka akachoka. Siku ya nne akanikata kipande kidogo, kama ncha ya kidole, akakitia katika chupa yenye dawa ya kuchoma pua. Akabandika plasta juu ya chupa, akaandika jina langu mbele yangu.

"Hii nakwenda Kampala," akasema, "kwa watu ya kupima. Ngoja wiki tatu."

Wiki tatu zikawa saba. Zikawa kumi. Kila Jumatatu napanda lori alfajiri, nafika, nauliza, naambiwa, "Majibu bado kuja. Mutu ya Kampala iko na kazi mingi." Na mimi, Kaka, mimi niliyewahi kuitwa na wewe mbishi tangu nanyonya, niliamini. Nilikuwa nashukuru nikitoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kisu.

Pale kwenye benchi nilipata mwenzangu. Anaitwa Kiden, mkulima, Mkristo, kwao ni porini huko karibu na Oraba, mpakani na Sudan. Alikuwa akitembea siku nzima hadi Koboko, analala barazani kwa watu, kisha anatafuta lori kama mimi. Titi lake alilifunga kwa kanga chini ya gauni, na lilikuwa limeanza kunuka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. Naye alikatwa kipande, naye aliambiwa Kampala. Nikamuuliza anadhani ni nini.

"Bibi ingine ya bwana yangu nafanya mimi hii," akasema. "Yeye naweka dawa katika mlango. Bwana yangu nafukuza yeye. Yeye nakwenda kwa mama yake na watoto mbili."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekueleza njia. Nikampa pole tu. Sisi pia nyumbani kwetu tumelelewa hivyo.

Jumatatu ya kumi na tatu yule bwana hakuwapo. Mfagiaji alikuwa ameacha mlango wazi anamwaga maji nje. Nilisimama kizingitini tu, nikimngoja bwana wangu wa majibu, na macho yakaniongoza kwenye rafu nyuma ya meza. Palikuwa na maboksi matupu ya bandeji, na kando ya maboksi chupa, na moja ya chupa hizo ilikuwa na plasta, na juu ya plasta mwandiko ninaoujua. Zuhura Salim. Titi kushoto.

Nikaingia. Niliichukua mkononi. Kile kipande kilikuwa ndani, cheupe, kimekaa chini kama kitu kilicholala. Kaka, miezi mitatu nilikuwa nikiuliza habari za nyama yangu kwa mtu aliyekuwa ameipa mgongo, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Nilihesabu chupa zilizobandikwa majina. Zilikuwa tano. Moja ilikuwa ya Kiden.

Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kiti chake, chupa mbili mapajani.

"Nani naruhusu wewe kuingia?"

"Hii ni nini?"

Akatazama chupa, akatazama mlango, akaufunga. "Gari hakuna," akasema. "Petroli hakuna. Posta nasema chupa navunjika, hawataki. Mimi nitafanya nini? Nabeba kwa kichwa mpaka Kampala?"

"Hayo nimeyasikia. Kwa nini uliniambia imekwenda?"

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alichonijibu sitakisahau, kwa sababu alikisema kwa upole kabisa. "Mama, nikisema ukweli, watu nalia hapa. Napiga kelele. Nikisema ngoja, watu nakwenda nyumbani."

Basi hiyo ndiyo tiba niliyokuwa napewa. Sikupiga kelele. Nilimwambia aandike karatasi mbili za kupeleka chupa hizi maabara Kampala, yangu na ya Kiden, kwa jina na umri na mahali alipokata, na atie sahihi na muhuri. Na zile tatu zilizobaki awaite wenyewe awape mikononi mwao. Akasema atamwita mume wangu. Nikamwambia amwite. Akasema ataita askari wa lango. Nikamwambia amwite pia, aje asome majina haya na yeye. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka adhuhuri, wagonjwa wamejaa mlangoni wanatuchungulia. Mwishowe akaandika. Muhuri aliugonga kwa nguvu hata wino ukaruka, na mpaka leo doa liko kwenye kanga yangu ya bluu. Huo ndio ugomvi wangu na wanaume hospitalini.

Na ruhusa ya mume? Nilimwomba jioni ile. Akasema hapana. Akasema barabara imejaa vizuizi, wanawake wanashushwa kwenye mabasi hawaonekani tena, ngoja apate likizo anipeleke. Likizo lini? Hajui. Nilimwambia nimengoja miezi mitatu kwa neno la mwanamume mmoja, sitangoja kwa neno la wa pili. Asubuhi nikamwachia dada yake watoto, nikapanda basi.

Kwenye daraja la Pakwach tulishushwa wote. Askari kijana akafungua kikapu changu, akatoa chupa moja, akaitikisa mbele ya jua.

"Hii iko nini? Pombe?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya titi langu. Na hiyo nyingine ni ya mwanamke mwenzangu. Nazipeleka zipimwe."

Alikuwa ameshafungua kifuniko. Ile harufu ikampiga, akarudisha uso nyuma. Nilidhani ataimwaga mtoni, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akiimwaga nitamrukia, liwalo na liwe. Akafunga kifuniko polepole, akakikaza, akakijaribu tena kama kimekaza. "Nani nasindikiza wewe?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Akamwambia kondakta anipishe kiti cha mbele, pasiporuka sana. Mtu mmoja tu katika safari yangu yote aliyenisaidia bila kusukumwa, Kaka, na alikuwa mgeni mwenye bunduki. Wewe ndugu yangu ulikuwa na kalamu.

Nilikaa Bombo, nje kidogo ya Kampala, siku nane, kwa jamaa za Ramadhani, nikienda maabara na kurudi. Karani wa pale akaniambia majibu hayapewi mgonjwa, hurudishwa kwa daktari aliyetuma. Nikamwambia daktari aliyetuma hakutuma. Nikamweleza rafu. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na daktari kijana wa Kiganda.

Yule kijana akanikaribisha chumbani, akashika karatasi, akauliza, "Umekuja na nani? Nimwite mtu wako kwanza?"

"Mtu wangu ni mimi," nikamjibu. "Soma."

Akasoma. Ni kansa, saratani. Alinieleza kwa maneno mepesi, akanichorea na penseli titi na kwapa, jinsi inavyotembea. Akasema nimeshapoteza muda mwingi, nisipoteze mwingine. Madaktari wa kukata Kampala wamepungua na foleni ni ndefu, lakini wako wamishonari kusini mwa Arua, karibu na kwangu, wana mpasuaji. Akaniandikia barua. Nikamwomba nakala ya kila karatasi, akaniandikia kwa mkono wake, kurasa nne. Nilipomuuliza majibu ya Kiden, akakataa. "Hayo ni yake," akasema, akayafunga kwenye bahasha. Nilimheshimu kwa hilo.

Nilipofika Arua ningeweza kushuka nikaenda moja kwa moja kwa wamishonari. Nikapita, nikaja Koboko, nikaenda Oraba. Siku mbili niliziiba kwangu mwenyewe. Kiden nilimkuta amelala nje kwenye ngozi, kwa kuwa ndani harufu ilikuwa inawasumbua watoto. Mumewe alisimama kando. Nikasema bahasha hii ni yake, nitamsomea akitaka, na akitaka mumewe aondoke ataondoka.

"Bwana nakaa," akasema. "Soma yote."

Nikasoma, na kila nilipofika kwenye neno gumu nikalieleza kama yule kijana alivyonieleza. Kijana mmoja shemeji yake akalitia katika Kikakwa chao. Nilipomaliza, Kiden aliishika ile karatasi mwenyewe, akaigeuza. Kisha akauliza swali moja.

"Karatasi nasema mutu amefanya?"

"Hapana. Karatasi inasema ni ugonjwa. Unaanza wenyewe ndani ya mwili. Hakuna mtu."

Akamgeukia mumewe, akamwambia maneno mengi kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Mumewe akainamisha kichwa. Siku ya pili, tulipokuwa tunatafuta gari la kumpeleka Kiden pamoja nami, yule mke mwenzake alikuja, na watoto wawili, na kifurushi chake kichwani. Hakumkumbatia mtu. Alikwenda mtoni akachota maji, akarudi, akaanza kumwosha Kiden.

Mpasuaji wa misheni alitupima sote wawili. Kwangu akasema atakata. Kwa Kiden akasema ukweli, kwamba kisu hakitafika tena ulikofika ugonjwa, na angalimwona miezi minne nyuma angalijaribu. Miezi minne, Kaka. Umri wa chupa yake.

Mimi nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye karatasi kabla ya kuingia. Atakata nini, ataacha nini, asipokata itakuwaje, akikata je, nitaishi. Ramadhani alikuwapo siku hiyo. Alikuja na mche wa sabuni ya Kongo, kitu kinachotafutwa hapa kama dhahabu, akakaa pembeni. Daktari alijibu yote, na hilo la mwisho alisema hawezi kuniahidi. Kisha akaniuliza swali lake. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani?

Nikamwambia jicho. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwamba Bi. Mize, jirani wa mlango wa pili, alimsifu mama kifua siku ya harusi ya binamu, na tangu siku hiyo mama hakuinuka. Daktari akaniomba nimsimulie alivyokuwa. Nikamsimulia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ni mimi niliyekuwa nafua vitambaa vyake nyuma ya choo ili wageni wasivione. Nikasikia nilichokuwa nasema. Daktari hakuhitaji kuniambia. Akauliza tu kama nina dada.

Walinikata Jumatano. Kiden alifariki wiki mbili baadaye, kwake, mimi nikiwa bado na bandeji, na mke mwenzake ndiye aliyemfumba macho. Nilipata nguvu ya kwenda matangani siku ya arobaini tu. Majibu ya Kiden yamefungwa katika kitambaa, mumewe anayaweka pamoja na Biblia.

Ndipo ikaja barua yako, na mstari huu ndani yake. Nimeukariri. "Hata mama yetu madaktari walitaka kumkata, nikakataa, akasubiri na ugonjwa wake, akaondoka na heshima yake."

Kumi na sita, umri wangu ulikuwa kumi na sita, uliponitandika kofi kwa sababu nilimwamkia Bi. Mize barabarani. Na wakati huo ulishajua. Walikuambia, wakakupa karatasi, ukaikunja. Mama hakuwahi kuulizwa. Ulimwambia "ngoja," kama yule bwana wa koti la pasi alivyoniambia mimi, na ukamtafutia jirani mjane wa kulaumiwa ili usiulizwe. Yule bwana hakuwa na petroli. Wewe ulikosa nini, Kaka? Kutoka kwetu mpaka hospitalini ni mwendo wa kwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa.

Sitarudi Mombasa kukaa kimya. Kila miezi mitatu naonwa misheni, na karatasi zangu zote nimezitia katika bati la biskuti, na sitoki katika chumba cha daktari kabla sijajua alichoandika. Zile chupa tatu zilizobaki, yule bwana hakuwaita wenyewe, nimewatafuta mimi. Wawili nimewapata na chupa zao zimepelekwa. Wa tatu bado, jina limefutika nusu, lakini naendelea kuuliza masokoni. Ramadhani hajaniruhusu wala hajanikataza. Juzi alinitafutia lori mwenyewe.

Bi. Mize, nasikia, yu hai na amepofuka. Nenda kwake. Usimtume mtoto, nenda wewe, ukae chini, umwambie. Ukishindwa, nitamwandikia mimi, na barua ya kipofu lazima isomwe na mtu kwa sauti, na unazijua kuta za nyumba zetu.

Nisalimie Shangazi Bi. Time, mwambie asivute moshi wa jikoni. Nisalimie wifi, mama wa watoto wako, ambaye najua ndiye atakayeisoma barua hii ukishaificha. Nisalimie mjomba Kombo, fundi saa, aliyelia peke yake kwenye maziko ya mama wakati sisi wengine tunaambiwa tuvumilie.

Rukia usinisalimie. Nimemwandikia mwenyewe, kwa mkono wa dereva huyuhuyu, na amepewa kabla yako. Nimemweleza mama alikufa kwa ugonjwa gani, na ajipapase vipi, na hospitali gani aende, na asitoke bila karatasi. Posa ikivunjika, ivunjike.

Ni mimi, dada yako,
Zuhura Salim